Ngazi Isiyokuwemo Kitabuni

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimeungua. Mkono wa kushoto, kidole gumba chote na kiganja. Kwa ujinga wangu mwenyewe! Kichwa cha mteja kilikuwa kimekwisha, rasta zote zimesukwa, kilichobaki ni kuchovya ncha kwenye maji ya moto zisifumuke. Kazi ya kufumba na kufumbua. Mimi nikageuka kumjibu Shehe, Mtanzania wa spaza, kiduka cha jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni akituambia Kiswahili cha Wakongo kimechacha. Nilikuwa na jibu zuri sana. Sikuwahi kulitoa. Jagi lilinitangulia.

Kliniki wamenifunga bandeji, wamesema nisisuke mpaka mwisho wa mwezi. Yaya Léocadie, mwenye saluni (yaya kwetu ni dada mkubwa), hata pole hakunipa. Aliitazama bandeji, akakitazama kiti changu, akasema kiti hakisuki peke yake. Miaka yote hii nasimama naye hapa ugenini Jules Street, nusu ya kichwa yeye, nusu mimi! Nimenuna mpaka sasa.

Afadhali mkono wa kuandikia ni wa kulia.

Alhamisi, 5 Juni

Umeme hakuna. Wezi wamekata waya za mtaa mzima na kuondoka nazo. Televisheni kimya. Wateja wawili wamekaa na vichwa nusunusu, wamejifunika blanketi, baridi inapita chini ya mlango, na tamthilia yao hawaioni. Wamenuna kunishinda mimi. Yaya Léo akanigeukia: wewe ambaye huna mikono, mdomo si unao? Fanya kitu.

Nikatoa kitabu. Nilikipata kanisani, padri mmoja aliporudi Ubelgiji aliacha sanduku zima. Wenzangu waliwahi misale. Mimi nilichukua hiki kwa sababu ya picha tu — mwanamke wa zamani, gauni la buluu, ameinua chupa ya kioo dirishani. Yaya Léo alidhani ni tangazo la juisi. Kumbe ni mkojo! Huyo mama ni daktari, na madaktari wa enzi zile, miaka ya wafalme na farasi, kabla ya sabuni, walikuwa wanasoma ugonjwa kwenye mkojo. Anauinua kwenye mwanga kama Shehe anavyoinua noti ya mia mbili.

Kitabu ni cha Kifaransa. Wamaitha, mteja wetu Mkenya wa benki, Kifaransa hajui. Yaya Léo anakijua cha kusalimia. Basi nikawa nasoma kwa macho na kusema kwa Kiswahili. Jina la daktari lina kona nyingi, nikalikata: Mama Alda. Mara ugomvi. Wamaitha anasema daktari. Sisi Wakongo tunasema munganga. Shehe akapaza sauti kutoka upande wake — ukuta wetu ni mbao tu — kwamba kwao mganga ni mtu wa hirizi, mwanamke huyu aitwe tabibu. Nikakubali. Tabibu Alda. Linamkaa vizuri.

Sura ya kwanza tamu! Wanaume wa mji wanamwambia Alda arudi jikoni. Kitabuni anainamisha kichwa tu. Mimi nikampa jibu, lile lile nililotaka kumpa Shehe siku nilipoungua. Wamecheka mpaka Yaya Léo akapoteza mstari.

Halafu nikafika mwisho wa sura. Tajiri wa vitambaa anakufa mezani kwake. Unapotafsiri hivi, macho hutangulia mdomo, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Niliiona sentensi inakuja: tajiri amekunywa supu aliyopakuliwa na mke wake, akashika shingo, akaanguka. Nikainua uso. Carmel alikuwa amesimama pale pale mbele yangu na chupa yake ya chai.

Carmel anatuuzia chai na mandazi humu saluni. Mume wake, Ruphin, alirudi kutoka kazini siku moja mwaka jana, akala sombe, kisamvu chetu, akalala, asubuhi hakuamka. Hospitali waliandika presha. Familia ya mume haikutaka kusikia presha. Ilikaa kikao kule mtaa wa Turffontein, ikamuuliza ni nani aliyempakulia. Akasema ni mimi. Basi, ikawa ni yeye. Mwaka umepita, na hawajamtoa kilio mpaka leo. Kwetu wifi mkubwa ndiye anayemfungua mjane kitambaa cheusi, kisha anaoshwa nywele na kusukwa upya, ndipo anarudi kuwa mtu. Asipofunguliwa, anabaki hivyo hivyo. Carmel anashinda katikati ya vichwa vya watu vinavyopendeza, na chake hakuna anayekigusa.

Nikasema: "Akaanguka kutoka kwenye ngazi."

Ngazi! Sijui niliitoa wapi. Ilikuja yenyewe.

Jumamosi, 7 Juni

Umeme umerudi. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Yaya Léo akachukua rimoti, akaitia kwenye droo, akaniambia, soma.

Saluni imejaa! Wengine hawakuja kusukwa, wamekuja kusikiliza tu, wanajifanya wanasubiri zamu. Na Mama Thérèse alikuwepo. Huyo ndiye wifi mkubwa wa Carmel. Anakuja kusukwa mistari, anakaa kiti cha dirishani, na jicho lake halitoki kwa Carmel. Leo tena amemdai sufuria. Eti sufuria yangu ya sikio moja iko wapi? Carmel akajibu kwa adabu kama kila siku: ipo Yaya, nimeisugua, njoo uichukue. Mama Thérèse akageukia dirisha. Turffontein anakokaa yeye na La Rochelle anakokaa Carmel ni jirani kabisa, mtu anakwenda kwa miguu na kurudi. Mwaka mzima anadai sufuria na haendi kuichukua! Bakhili na mvivu kwa pamoja, sijawahi kuona.

Lakini shida yangu ni ngazi. Sura ya pili Tabibu Alda anainama juu ya maiti na kuinusa mdomo. Anatafuta sumu, bien sûr, hilo halina shaka. Lakini mimi nina mtu aliyeanguka. Wamaitha akadakia: mtu ameanguka, mdomo unanuswa wa nini? Benki imemharibu yule, anataka kila kitu kilingane. Nikasema tabibu anataka kujua kama marehemu alikuwa amelewa alipopanda. Wakatikisa vichwa. Daktari mzuri, wakasema, anaanza na pombe.

Nikaona ni rahisi. Kumbe nilikuwa ndiyo kwanza naanza.

Jumatano, 11 Juni

Kuku.

Katika kitabu tabibu anachukua supu iliyobaki na kumpa kuku. Kuku anakufa. Ushahidi umepatikana, sura imekwisha. Mimi sina supu! Nimesimama na kitabu mkononi, watu wananitazama, nimeshasema "tabibu akaagiza aletewe kuku," na neno likitoka halirudi.

Ikabidi kuku naye apande ngazi.

Nimesema tabibu alimpandisha kuku mpaka juu, apime kama ngazi inatikisika. Wamaitha akauliza kwa nini asimpandishe mtu. Nikasema ni hatari, mtu ameshakufa hapo! Akauliza, na kuku akafa kwa kuanguka? Kuku si ana mabawa? Nikasema kuku wa enzi zile. Yaya Léo akamwambia Wamaitha aache kutikisa kichwa, yeye anamkata mstari wa nywele. Niliokoka hapo.

Shehe anaamini kabisa. Jioni alinionyesha ngazi yake ya dukani, ile ya kushushia sabuni za juu. Anasema aliyemuua tajiri alikata kipandio cha tatu, akakipaka nta kisionekane. Ameiweka sawa kabisa hadithi. Ni bora kuliko ya kwenye kitabu. Niliona haya kidogo, nikanunua mshumaa ambao siuhitaji.

Jumamosi, 14 Juni

Leo kila mtu ana muuaji wake. Wengi wanamtaka mdogo wa marehemu, yule anayekuja kuhesabu magunia ya vitambaa kabla ndugu yake hajazikwa. Wanawake wote humu wanamjua. Hawajawahi kufika Ulaya ya zamani lakini shemeji wa namna hiyo wanamjua! Kila mmoja akamtaja wa kwao. Tulicheka, halafu hatukucheka.

Mama Thérèse alisubiri tumalize. Ndipo akasema kwamba waliokuwa ndani ya nyumba ndio waulizwe kwanza. Mke alikuwa wapi? Akamtazama Carmel.

Carmel akammiminia chai. Hata tone halikumwagika.

Yaya Léo haogopi mtu. Akamuuliza Mama Thérèse pale pale, huku anamsuka, kilio kitatolewa lini? Mwaka si umepita? Alikuwa ameshika nywele zake, kwa hiyo mama wa watu hakuweza kuondoka. Akajibu kwamba familia haijakaa kikao. Lini itakaa? Ikikaa itakaa. Kisha akauliza habari za sufuria, mara ya pili siku hiyo hiyo. Nilitaka kumwambia nitamnunulia nyingine.

Wamaitha anasema ametafuta kitabu hiki kwa Kiingereza kwenye simu. Ameandika: tabibu, mwanamke, ngazi, kuku. Hakuna. Anashangaa sana. Nikamwambia labda ni mtandao.

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu, saluni imefungwa. Nilikaa juani uani, nikasoma mpaka mwisho nijue ninakoelekea. Afadhali nisingesoma.

Ni mke!

Mke ndiye aliyemuua. Kwa supu. Kurasa zote zile anamlilia tabibu begani, anasema nionee huruma mimi mjane, na tabibu anamwonea huruma, na mimi namwonea huruma, kumbe ni yeye! Nilikitupa kitabu. Nikakifuata, nikakipangusa vumbi. Mwandishi huyu, kama ningemjua anakaa wapi, ningekwenda kumgongea.

Nimekwisha. Ningejua nisingeanza. Niko mbele ya Carmel na wifi yake na nusu ya mtaa wetu wa Malvern, halafu nifike mwisho niseme: mjane ndiye aliyeua mume wake kwa chakula. Mama Thérèse hatahitaji kikao kingine. Atainuka na kusema mmesikia? Hata vitabu vya padri vinasema.

Basi, ni mdogo wa marehemu. Nimeamua. Alikata kipandio, akapaka nta, asante Shehe. Watu wote wanamtaka yeye, nani atanilaumu? Nimepanga kila kitu. Hata kuku nimempatia sababu.

Jumamosi, 21 Juni

Leo nilisoma vizuri kuliko siku zote! Sikusoma, nilitunga, lakini nani anajua? Nilimpitisha yule mdogo wa marehemu gizani na msumeno. Nilimpa vumbi la mbao kwenye mikono ya kanzu. Shehe aliposikia neno nta alipiga ukuta kwa furaha, chupa zikaanguka upande wake. Mama Thérèse alinuna. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi. Imebaki sura ya mwisho, Jumamosi ijayo.

Halafu tukafunga. Yaya Léo akatangulia, mimi nikabaki kufagia kwa mkono mmoja, Carmel anaosha vikombe. Akajifuta mikono, akachukua kitabu juu ya kikaushio cha nywele, akakifungua bila kutafuta sana. Akasoma kwa sauti, Kifaransa safi. Le potage. Supu. Mke. Shingo.

Nilisahau. Carmel alikuwa mwalimu kule Bukavu! Anauza mandazi, mtu unasahau.

Anasema amekisoma chote, kidogo kidogo, mimi ninapokwenda msalani au kwa Shehe. Anajua mwisho. Nikamwambia nilitaka kumkinga. Nikaanza kueleza habari za wifi yake, na watu, na midomo ya watu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Arlène," akasema, "ungekuwa una hakika kwamba mimi sina kosa, ungesoma supu."

Nikashika ufagio tena.

Akasema Jumamosi nisome kama ilivyoandikwa. Mke wa kitabuni alifanya alichofanya, ni shauri lake. "Mimi sikufanya. Kwa nini nifichwe kama mtu aliyefanya?" Akachukua chupa yake ya chai, akaniambia nipakae mafuta mkono, akaondoka.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani.

Kweli niliwahi kumshuku? Siku ya msiba. Nilimtazama akipakulia watu chakula, nikasema sina njaa. Nilikuwa na njaa sana.

Basi, nimeandika. Hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 26 Juni

Bandeji imetoka. Ngozi mpya, ya waridi, laini. Yaya Léo aliigeuzageuza kama anachagua nyanya, akasema Jumatatu nirudi kwenye vichwa. Kisha akasema wateja watanuna, hakuna wa kuwasomea. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza kwangu tangu nimjue, na ameitoa akiangalia pembeni.

Nimemwambia Carmel kwamba nitasoma supu. Akasema sharp, sawa. Nikamuuliza, wifi yako akisimama na kupiga kelele? Akasema apige. Nikamuuliza, na wasipokutoa kilio kabisa? Alivuta kitambaa chake mbele kidogo. Akasema kichwa kinamuwasha, Arlène, kinamuwasha usiku na mchana, na anataka kusukwa kama mtu. Lakini hataki kusukwa kwa ajili ya ngazi.

Ninaogopa Jumamosi. Naogopa kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, maana watanila nyama kwa ajili ya yule kuku.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika nyuma ya pazia, nimekalia katoni la nywele. Yaya Léo amenituma nipashe maji. Ya nini, hakusema. Na hakuna aliyeuliza.

Niandike upesi.

Nilianza kwa kusimama. Nikasema: jamani, hakuna ngazi. Hakujawahi kuwa na ngazi. Ni supu. Tajiri alikunywa supu, ngazi niliileta mimi.

Eish! Kelele zilizotoka humu! Yaya Léo akaacha kitana hewani: na kuku? Nikasema kuku alikunywa supu. Wamaitha akapiga kofi mapaja, alijua, alijua, alisema tangu mwanzo, mdomo unanuswa wa nini? Anataka nirudie sura zote. Shehe aliingia mwenyewe, hakupaza sauti ukutani kama kawaida, akasimama mlangoni na aproni yake. Aliniuliza kwa huzuni, na nta je? Nikasema nta ni yako, Shehe. Akasema kwa hiyo kipandio cha tatu ni uongo. Nikamwomba radhi, na kwa kweli iliniuma. Akarudi dukani kwake.

Wakauliza kwa nini nilidanganya. Nikafungua mdomo. Carmel akasema: "Kwa ajili yangu."

Wote wakageuka. Mama Thérèse kwenye kiti cha dirishani, nusu ya mistari imesukwa, nusu nywele zimesimama. Alinipungia mkono niendelee.

Nikasoma. Kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, sikuongeza hata chumvi. Nilikuwa natokwa jasho katika baridi hii. Watu wote wa ile nyumba wameitwa sebuleni, mjane analia, mdogo wa marehemu anatetemeka. Tabibu Alda anaingia na chungu cha supu mikononi. Anakiweka mezani. Hawaulizi ni nani aliyempakulia marehemu, hilo wanalijua wote. Anauliza: "Chungu hiki kililetwa na nani ndani ya nyumba hii?"

Nikavuta pumzi nigeuze ukurasa. Mama Thérèse akasema, soma tena hapo.

Nikasoma tena.

Akasema, "Mimi."

Tulidhani amechanganyikiwa na hadithi. Wamaitha hata akamwambia kwa upole, hapana Mama, bado hatujaambiwa, tusubiri. Mama Thérèse hakumsikia. Alikuwa ameshika mikono ya kiti.

"Sombe ya Ruphin niliipika mimi," akasema. "Nikaipeleka mchana, Carmel akiwa kazini. Niliweka makayabu, wale samaki wa chumvi. Nilijua amekatazwa chumvi kwa ajili ya presha. Aliniomba, akasema ya kwetu nyumbani haina ladha siku hizi, Yaya nipikie kama Mama. Nikampikia." Halafu akasema, "Sufuria ni ile."

Ile ya sikio moja! Na mimi nilimwita bakhili. Mwaka mzima anaiulizia kwa sababu inamsumbua akili, na mwaka mzima haendi kuichukua kwa sababu anaiogopa. Kikao kiliuliza nani alipakua. Hakuna aliyeuliza nani alipika. Alikaa pale kikaoni kama wifi mkubwa, akasikia jina la Carmel linatajwa, akaliacha lipite.

Nikamtazama Carmel. Sote tulimtazama. Aliweka chupa ya chai chini, taratibu.

"Najua, Yaya," akasema. "Niliifungua, nikaona makayabu, nikaionja. Tulikula wote wawili. Ilikuwa tamu. Ruphin aliongeza mara mbili."

Mama Thérèse akamuuliza kwa nini hakusema kikaoni. Sauti haikuwa yake, ilikuwa ndogo.

Carmel akasema, "Mimi walikuwa wameshanitupia lawama. Ya nini tuwe wawili?"

Nililia. Sioni haya, Yaya Léo pia alilia, na yeye hata vitunguu havimlizi. Wamaitha amelia na foili kichwani. Na mimi niliyekataa chakula cha msiba, niliyemjengea ngazi mtu ambaye haihitaji! Nilitaka kumshika miguu. Sikuwa na pa kupita, katikati yetu kulikuwa na kikaushio.

Ndipo Yaya Léo akajipangusa kwa taulo la mteja na kuniambia, Arlène, pasha maji.

Nachungulia pembeni ya pazia. Carmel amekaa kwenye kiti changu. Sijui nani alimkalisha. Mama Thérèse amesimama nyuma yake, na ile nusu ya nywele zake bado imesimama wima. Mkono wake uko kwenye fundo la kitambaa cheusi. Fundo ni la mwaka mzima, limekaza, vidole vinateleza. Amelijaribu upande huu, amelijaribu upande ule. Sijui kama analifungua au anajishikiza tu asianguke. Carmel ameinamisha kichwa kumrahisishia.

Sasa Mama Thérèse amenyoosha mkono bila kugeuka, anaomba kitana chenye mkia. Yaya Léo anakitafuta, na kiko mfukoni mwake mwenyewe.

Shehe anagonga ubao, polepole sana, upande huu wa kwangu. Ananong'ona: imebaki kurasa ngapi? Muuaji ni nani?

Kitabu nimekikalia. Maji yanaanza kulia kwenye birika.